Msalaba wa skopu haupimi umbali, unapima pembe

Kuna swali naulizwa karibu kila nikikaa na watu wanaopenda mambo ya bunduki za kuwindia: hivi ile mistari ya msalaba ya ndani ya skopu, ile darubini ya juu ya bunduki, inajuaje kwamba mnyama yuko mita mia mbili au mia tatu? Jibu langu ni kwamba haijui. Ile mistari haina habari yoyote na umbali, inachopima ni pembe tu, na pembe ninayosema hapa ni ile ya hesabu sio ya swala, yaani kitu kimejaza jicho lako kiasi gani. Umbali unautafuta wewe mwenyewe kichwani, na unaupata kama tu unajua hicho kitu unachokiangalia kina ukubwa gani kweli kweli. Hapo ndo penye kazi yote. Mtu anaweza kununua skopu ya mamilioni akaendelea kubahatisha miaka kumi kwa sababu hili hakuambiwa siku ya kwanza.

Mimi nililielewa relini, wala sio porini. Sisi wa Dodoma tuna kitu hapa mjini ambacho wengi tunakiruka tu kila siku bila kukiangalia, ile reli ya zamani, ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ni reli ya geji ya mita. Maana yake kutoka uso wa ndani wa chuma cha huku mpaka uso wa ndani wa chuma cha kule ni milimita 1000, mita moja, popote utakapoenda kuipima. (SGR, ile reli mpya, ni milimita 1435 na imezungushiwa uzio, hiyo tuiache.) Sasa nenda kwenye kivuko cha barabara sehemu reli ilikonyooka, hakikisha hakuna treni, simama hapo hapo kwenye kivuko usiingie kutembea kwenye njia, alafu angalia mbele. Miguuni pako vyuma vimeachana mita nzima, ukipandisha macho vinasogeleana, vinasogeleana, mpaka kule mwisho unaona kama vimeshikana. Havijashikana. Ile mita moja iko vile vile mpaka Bahi mpaka Manyoni, kilichopungua ni pembe yake kwenye jicho lako.

Na mili, kipimo kinachotumika kwenye mistari ya skopu, ni hiyo hiyo pembe imepewa namba. Mili moja ni pembe inayojazwa na kitu cha mita 1 kikiwa mita 1000 kutoka kwako. Kikisogea mpaka mita 500 kinajaza mili 2, mita 200 mili 5, mita 100 mili 10. Kwa hiyo ukiwa na darubini ya mkononi yenye mistari ya mili ndani yake unaweza kuisoma reli kama rula, pale unapoona vyuma vimeachana mili 4 ni mita 250, pale vimeachana mili 8 ni mita 125, unagawanya tu 1000 kwa ulichosoma. Na kama kitu sio cha mita moja unazidisha kwanza: ukubwa wa kitu kwa mita, mara 1000, gawanya kwa mili. Hesabu imeishia hapo, hakuna nyingine iliyofichwa.

Kwanini 1000 na sio namba nyingine, ni kwa sababu mili ni kifupi cha miliradiani. Chukua kamba yenye urefu sawa na nusu kipenyo cha duara, ilaze juu ya mzingo wa duara hilo hilo, pembe inayotokea pale katikati ndo radiani moja, ukiikata vipande elfu kila kipande ni mili moja. Duara zima lina kama mili 6283 hivi. Kuna familia nyingine ya skopu inatumia MOA, ambayo ni dakika ya digrii, yaani digrii moja imekatwa mara 60, na yenyewe kwenye mita 100 inafunika sentimita 2.9 wakati mili inafunika sentimita 10. Mili moja ni sawa na MOA 3.44. Hakuna iliyo bora kuliko mwenzake, ila kuna skopu za zamani zina mistari ya mili ndani alafu vitufe vya kuzungusha kwa nje, vya kupandisha au kushusha shabaha, vinahesabu MOA, na hiyo ni hatari kwa asiyejua, unaona kupitia mistari kwamba unatakiwa kupanda 2, unazungusha 2 kwenye kitufe, kumbe ilitakiwa uzungushe karibu 7. Angalia maandishi kwenye kitufe kabla hujafanya lolote.

Wanaopima viwanja wanaijua hii kazi kuliko wawindaji wengi. Nilipokuwa kijana niliwahi kufanya kibarua cha kushika stafu kwa mpima mmoja enzi zile CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu hapa Dodoma, bado ipo, stafu ni ule ubao mrefu wenye rangi nyekundu na nyeusi na namba, unausimamisha wima alafu mpima anakuchungulia kwa levo, kile chombo chenye darubini cha kupimia usawa, kutoka mbali. Kazi ya kusimama juani tu, na jua la huku mnalijua. Siku moja nikamuuliza anajuaje nimesimama umbali gani wakati tepu iko ndani ya gari, akaniita nichungulie mwenyewe huku kibarua mwenzangu amesimamisha stafu. Ndani kuna msalaba, na juu na chini ya ule mstari wa katikati kuna vimistari viwili vifupi. Akaniambia nisome cha juu kimegusa wapi, nikasoma 1.842, cha chini 1.316. Toa. Inabaki 0.526. Zidisha mara 100, mita 52.6. Nilirudi nimeduwaa, tulivyovuta tepu ikakaa pale pale, tofauti haikufika hata nusu mita.

Ile mara 100 maana yake vimistari viwili vimetengenezwa viachane mili 10 kamili. Kitu ni kile kile cha kwenye skopu isipokuwa mambo yamegeuzwa, mpima pembe yake haibadiliki anasoma ukubwa kwenye stafu, mwindaji ukubwa ndo ameushika kichwani anasoma pembe. Na njia hii ni ya zamani, James Watt, yule wa injini ya mvuke, aliitumia kwenye upimaji wa mifereji kule Uskoti miaka ya 1770. Hapa nataka uone kitu kimoja: mpima anapata jibu zuri kwa sababu stafu yake imeandikwa namba. Swala hajaandikwa namba.

Kabla ya kwenda porini ijaribu kwa rula ya shule, maana hii haina gharama na haina hatari. Tafuta ile rula yenye tundu mwishoni, funga uzi kwenye tundu, pima sentimita 50 kwenye uzi piga fundo. Shika fundo kwenye shavu chini kidogo ya jicho, nyoosha rula mbele mpaka uzi ukaze, fumba jicho la pili. Kwa sentimita 50 kila milimita ya rula ni mili 2. Sasa nenda kiwanja chochote chenye magoli ya vipimo halali, simama kwenye mstari wa goli la upande mmoja angalia la upande wa pili. Goli ni mita 7.32 kutoka mhimili mpaka mhimili na mita 2.44 kwenda juu. Kama rula inakusomea milimita 35, hizo ni mili 70, 7.32 mara 1000 gawanya kwa 70 unapata kama mita 104 au 105, na uwanja mzuri wa mpira uko humo humo. Wadogo zangu niliwafundisha hivi na wakashika ndani ya jioni moja, alafu wakaanza kupima kila kitu mtaani, milango, nguzo, mabasi. Baadae nikawapeleka kwenye mbuzi. Mbuzi wetu tuliwapima kwa tepu zizini, beberu mmoja alikuwa sentimita 62 kutoka kwato mpaka begani, tukamwacha aende malishoni, tukawa tunamsoma kwa rula akiwa mbali alafu tunahesabu hatua kwenda kuhakikisha.

Na hapa niseme kitu kwa uzito wake. Skopu iliyofungwa kwenye bunduki sio darubini ya kuangalizia. Usipimie watu, usipimie nyumba, usipimie ng'ombe wa jirani, hata kama unajua chemba iko tupu. Ukitaka mazoezi tumia rula au darubini ya mkononi, bunduki inaelekezwa kule tu ambako uko tayari risasi iende na una leseni ya kuipeleka huko.

Basi tuje porini sasa, ambako mambo hayakai sawa kama reli.

Swala pala dume begani anakaa karibu sentimita 90. Umemsoma mili 4, yuko mita 225. Umemsoma mili 2, yuko mita 450. Vizuri. Lakini mkono wa binadamu unacheza, pumzi inanyanyua bunduki, mnyama anahama, tuseme umekosea robo mili tu juu au chini. Yule wa mili 4 anaweza kuwa popote kati ya mita 212 na 240, hiyo bado inavumilika. Yule wa mili 2 anaweza kuwa kati ya mita 400 na 514. Ona hiyo nafasi! Umbali umeongezeka mara mbili, kosa limeongezeka mara nne, kwa kosa lile lile la mkono. Ndo maana naona njia hii ni nzuri sana mpaka kama mita 300 kwa mnyama wa saizi ya swala na baada ya hapo inaanza kukudanganya huku inaonekana ina uhakika, namba inatoka safi kabisa kwenye kalkuleta lakini ndani yake kuna shaka ya mita hamsini.

Na hilo ni kosa la kusoma tu. Kosa baya zaidi ni la ukubwa. Dume kubwa la swala pala linaweza kufika sentimita 95, jike likawa 82. Ukisoma mili 3 ukidhani ni dume unapata mita 317, kumbe lilikuwa jike na liko mita 273, umepotea mita 44 na mkono wako haukutetemeka hata kidogo. Asilimia yoyote unayokosea kwenye ukubwa inahamia yote kwenye umbali, kama ilivyo. Skopu haiwezi kukusaidia hapo hata iwe imetengenezwa wapi.

Mfano mzuri wa hili ni skopu ya Kisovieti ya PSO-1, ile ya kwenye bunduki ya Dragunov. Ndani yake kuna mchoro wa mstari uliopinda kama mteremko wenye namba, unamweka mtu katikati ya mstari wa chini na ule uliopinda, pale kichwa kinapogusa unasoma umbali moja kwa moja bila hesabu. Inaonekana kama imemaliza tatizo. Lakini wamechora kwa kudhani kila mtu ana urefu wa mita 1.7, ukiangalia mtu mfupi au aliyeinama inakupa namba ya uongo. Ukubwa haukuondoka kwenye hesabu, umechorwa tu kwenye kioo ukawa hauuoni.

Sasa kosa la umbali linafanya nini? Risasi inaanguka kama jiwe lingine lolote, tangu inapotoka mtutuni. Ikikaa hewani sekunde 0.4 imeshashuka karibu sentimita 78 chini ya mstari wa mtutu, ikikaa sekunde 0.5 imeshuka karibu sentimita 123. Sehemu moja ya kumi ya sekunde, sentimita 45, na mwishoni kabisa ndo inashuka haraka kuliko mwanzo. Sehemu ya moyo na mapafu kwa swala ni ndogo, ukikosea hivyo hukosi tu, unamjeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa anakimbia anaenda kufa kwa siku mbili tatu mahali usipomuona. Hilo ndo linalonifanya nisipende mtu aichukulie hii hesabu kama mchezo.

Yalinikuta. Tulikuwa na mjomba wangu upande wa Manyoni, msimu, vibali vipo na askari wa wanyamapori yupo nasi. Pofu dume alisimama pembeni ya kichuguu, ametulia. Skopu ilikuwa ya zumu 4 mpaka 16. Mchana ule joto lilikuwa linachemsha hewa, picha inacheza kama unaangalia kupitia moshi wa jiko, mimi nikapunguza zumu mpaka 12 ili picha itulie, nikamsoma, nikamrudishia bunduki mjomba.

"Mpwa, umepata ngapi?"

"Nne kamili mjomba."

Pofu tulimhesabu mita 1.6 begani, kwa nne anakuwa mita 400. Mjomba akapandisha kitufe kwa ajili ya 400, akatulia, akapiga. Risasi ikapita juu, ikakwangua mgongo. Tulikuta manyoya na damu kidogo kwenye majani, tukafuata mpaka giza, kesho yake tukafuata tena mpaka kwenye mawe tukapoteza alama. Mjomba hakunigombeza, alisema tu "huyu tumemtesa" akanyamaza njia nzima. Tulivyorudi kwenye kichuguu askari akahesabu hatua, zikawa mia tatu na kidogo.

Ilinichukua muda kujua nilikosea wapi. Skopu nyingi za wawindaji mistari yake iko kwenye plani ya pili, nyuma ya lenzi zinazokuza. Ukizungusha zumu mnyama anakua au anapungua lakini mistari inabaki saizi ile ile. Kwa hiyo mili iliyoandikwa kwenye kile kijitabu ni ya kweli kwenye zumu moja tu, mara nyingi ile ya juu kabisa, kwa yetu 16. Kwenye 12 kila mili ya kwenye kioo ilikuwa inafunika mili 1.33 halisi. Nne niliyosoma ilikuwa 5.33, gawanya 1600 kwa 5.33, mita 300. Hesabu ilikuwa inajulikana tangu mwanzo, mimi ndo sikuwa naijua. Skopu za plani ya kwanza hazina tatizo hilo maana mistari inakua pamoja na picha, unasoma kwenye zumu yoyote, ila zina bei na kwenye zumu ya chini mistari inakuwa myembamba mpaka huioni vizuri kwenye kichaka. Usijue yako ni ipi kwa kuambiwa dukani, zungusha zumu huku unaangalia: mistari ikinenepa pamoja na picha ni plani ya kwanza, ikikaa vile vile ni ya pili.

Mambo mengine ya porini ni madogo lakini yanaumiza. Majani yanaficha kwato, kwa hiyo kupima kutoka kwato mpaka begani hakuwezekani, bora ujue pia unene wa kifua kutoka mgongoni mpaka tumboni, huo unaonekana hata kwenye majani marefu. Usipime urefu wa mwili, mnyama akigeuka kidogo tu urefu unafupika na utadhani yuko mbali. Subiri anyanyuke kama alikuwa ameinama kula, ila kipimo ni begani sio kichwani, kichwa kinapanda na kushuka. Mazigazi ya mchana, hasa Septemba na Oktoba, yananyanyua picha na kuivuta, soma asubuhi au jioni. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga au begi, weka mstari mmoja pembezoni kabisa chini ya kitu, usome cha juu mpaka sehemu ya kumi ya mili, sio "kama nne na nusu hivi". Na ukiwa juu ya haya majabali yetu unaangalia bondeni, risasi inafuata umbali wa usawa sio wa mteremko, kwa mteremko wa digrii 30 mita 300 za kuangalia ni kama mita 260 za kulenga.

Siku hizi kuna kipima umbali cha leza, unabonyeza namba inakuja. Kama unacho kitumie, mimi nakitumia na sioni sababu ya kujitesa. Lakini betri inakufa, na leza ikigonga jani la mbele inakupa umbali wa jani, wewe huku unaamini ni wa mnyama. Ukiwa na mili kichwani utashtuka: leza imesema 140, pofu anajaza mili 5 na kitu, haiwezekani, kwa 140 angejaza zaidi ya 11. Mbili zinachungana.

Nina daftari la kurasa nne tu za vipimo, na nililianza baada ya yule pofu. Kila mnyama aliyepigwa kihalali nikiwepo nalaza tepu kabla hajachunwa, kwato mpaka begani, mgongo mpaka tumbo, dume au jike, naandika. Swala pala, ngiri, tandala, kongoni, na ukurasa wa mwisho kabisa kuna ng'ombe na mbuzi wa nyumbani. Mjomba naye anakuja kuliazima. Na kwenye ile skopu, pale kwenye pete ya zumu penye namba 16, nilipaka nukta ya rangi nyekundu ya kucha, na mpaka leo kabla sijasoma chochote kidole kinaenda kwanza kuitafuta.